Mshiriki wa Kumi na Saba

Makala imetoka. Daktari Nasieku
ameniletea nakala mwenyewe, hadi lango la kiwanda,
kurasa kumi na moja zilizobanwa pini kwenye kona.
"Wewe ni huyu," akasema, akagusa
nukta nyeusi juu ya mstari uliopinda,
ndogo kama mbegu ya mchicha.

Basi ndiye mimi.
Miaka tisa ya zamu ya usiku, Industrial Area,
tanuri la mikate likinikodolea macho;
miezi minne ya sindano kidoleni,
saa mbili, saa sita, saa tisa, alfajiri,
na kile kisaa cheusi cha mkononi
kilichohesabu kila nilipojigeuza kitandani
mchana, Kayole, jirani akichomelea madirisha.
Yote hayo, mbegu ya mchicha.

Nimeisoma polepole, kamusi ya mwanangu pembeni.
Ni Kiingereza cha kuvaa tai.
Inasema mwili una saa yake.
Inasema kongosho hulala hata mwenyewe ukikesha,
kwamba ugali wa saa nane usiku
hukaa damuni kama mgeni asiyejua kuaga,
ilhali ugali uleule, kipimo kilekile,
ukiliwa jua likiwapo
hupita, hufanya kazi yake, hunyamaza.
Nyanya yangu hakusoma jarida lolote
ila alikuwa akisema: njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya.
Saa hakuitaja.
Hilo ndilo jipya. Saa.

Jedwali la pili lilinichekesha.
Wastani wa usingizi wetu: saa nne na dakika hamsini na moja.
Ni nani kati yetu alilala hiyo dakika moja?

Kisha ukurasa wa nne, mstari wa sita:
walianza ishirini na wanane,
mmoja hakufuatiliwa hadi mwisho.
Namjua huyo mmoja. Ni Lusweti.
Alikanda unga kando yangu, akinywa soda usiku wa manane
na kumwambia daktari ni maji.
Msimamizi alimkuta amelala juu ya magunia,
mdomo wazi, kisaa cheusi kikimhesabia vizuri kabisa
usingizi mzito kuliko wote wa utafiti ule.
Kesho yake hakuingizwa langoni.
Simu ikazimwa. Pengine Kimilili, pengine Mwea.
Makala haikusema uongo.
Hakufuatiliwa.
Hata mimi sikumfuata.

Na daktari je? Yeye hayumo katika jedwali.
Alikuja saa tisa na sanduku lake la barafu,
macho mekundu, ndani ya gari dogo
akitafuna chipsi baridi kutoka kwenye gazeti,
halafu anashika kalamu: "Umekula nini leo?"
Usiku mmoja nikamuuliza, wewe nani anakupima?
Akacheka. Kisha akanyoosha kidole.
Nilimdunga mimi, kwa mikono hii yenye unga.
Nane nukta tisa.
"Usiandike," akasema.
Sikuandika.
Sasa ndiyo naandika.

Hitimisho ni fupi: kula mapema, lala gizani.
Kasyoka ameshona magunia mawili kuwa pazia,
na chakula cha jioni twala saa kumi na moja
watoto wakilalamika kwamba bado ni mchana.
Hitimisho halikusema la kufanya na jirani mchomeleaji,
wala na mshahara unaolipwa kwa usiku.
Labda lipo katika makala ijayo.
Wameandika: utafiti zaidi unahitajika.

Saa tisa. Tanuri linafunguliwa.
Mikate elfu mbili ya asubuhi ya wengine inatoka,
na harufu yake haijasoma makala.
Mate yanajaa kinywani.
Nimeketi juu ya kreti, nimekunywa maji,
karatasi zimekunjwa ndani ya aproni.
Lala, kongosho langu.
Zamu hii nakulinda mimi.